Antivairasi ya nyumbani iwe na kufuli, isizimwe na kila mtu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba kununua kifurushi kikubwa cha ulinzi (antivairasi ya kulipia iliyounganishwa na ulinzi mwingine) kwa ajili ya kompyuta ya nyumbani ni kutupa hela, eti antivairasi ya bure inatosha na hawa wauzaji wanatutisha tu ili wauze. Barua yake nimeisoma mara mbili. Kuna sehemu nakubaliana nae kabisa na nitazisema, ila yaliyonikuta mimi mwaka 2020 yananilazimisha niseme na upande wa pili, mana najua ziko nyumba nyingi zenye kompyuta moja tu ya mezani inayotumiwa na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, kama ilivyokuwa kwetu.

Mi ni katibu wa kikoba cha akinamama hapa Kihonda, Morogoro, tuko 28. Hesabu zetu zote za hisa, mikopo na mfuko wa jamii nilikuwa naweka kwenye Excel, kompyuta iko sebuleni pembeni ya tivii, na antivairasi ilikuwepo, ya bure, kile kialama chake kiko chini kulia mwa skrini na nikikiona kijani najua mambo shwari. Miaka minne nimekaa nacho hivo.

Mwezi wa nne mwaka huo shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya corona, watoto wako ndani siku nzima, na mtoto wa dada yangu ambae alikuwa anakaa kwetu akawa anajifunza kuediti video. Kijana mzuri, hana utundu wowote. Programu aliyoitaka ni ya kulipia na hela hana, akatafuta kreki mtandaoni, yani faili la kuvunja kufuli la programu ili itumike bila kulipia, kama wanavyofanya vijana wengi, na ile kreki ikaja na maelekezo yake ambayo mstari wa kwanza kabisa unasema zima antivairasi kabla hujafungua faili hili. Akazima. Haikumuuliza paswedi wala haikumuuliza wewe ni nani, ni kubonyeza mara mbili tu pale kwenye kialama na kuchagua isilinde mpaka kompyuta iwashwe upya.

Narudi kutoka sokoni nakuta kompyuta inaunguruma kweli kweli, feni inapiga kelele na kile kitaa cha diski kinamulika bila kupumzika, na kwenye skrini kuna dirisha linasema Windows inafanya apdeti, tafadhali subiri. Nikamuuliza vipi, akaniambia mama mdogo ni apdeti tu inaisha sahivi. Na mi nikaamini, nikaenda kuweka dagaa jikoni, mana apdeti si kitu kizuri, tunaambiwa kila siku tufanye apdeti. Niliporudi nikaona kwenye desktopu picha za mafaili zinageuka kuwa karatasi nyeupe, moja baada ya nyingine kwa mpangilio, kama mtu anapita anazima taa za vyumba. Lile dirisha la apdeti lilikuwa feki. Liliwekwa pale ili tukae tukisubiri wakati kazi inaendelea nyuma yake.

Fundi akaja kuniambia baadae kwamba hiyo ni ransomwea, yani kirusi kinachofunga mafaili yako kwa ufunguo alafu kinakudai fidia, na ya kwetu ni ya ukoo unaoitwa STOP, wengine wanauita Djvu, unaosambaa sana kwa watu wa majumbani kupitia hizi hizi kreki. Kila folda iliachiwa faili moja la maandishi, kwamba bei ya ufunguo ni dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 unalipa nusu, dola 490. Yani wana mpaka punguzo la kuwahi! Na kila faili limeongezewa herufi nne mwishoni. Jina la faili la kikoba naliona pale pale lilipokuwa, nalibonyeza, halifunguki.

Hapa nieleze jambo moja alilonifundisha yule fundi mana limenikaa kichwani. Kirusi hiki ili kimalize kazi haraka hakifungi faili zima, kinafunga kilobaiti kama 150 za mwanzo tu kisha kinahamia faili lingine. Kwa hiyo video ya harusi ya mdogo wangu, ambayo ni kubwa, fundi aliweza kuirudisha, imekatika kidogo mwanzoni lakini inachezeka. Ila faili la kikoba lilikuwa halifiki hata kilobaiti 100, basi lilifungwa lote. Na picha za marehemu mama tulizopiga kwa ile simu ya zamani, ndogo ndogo zile, nazo zote. Vikubwa vimepona, vidogo ndio vimekwenda.

Na jingine, kikipata intaneti kinachukua ufunguo mpya kutoka kwa wenyewe huko waliko, ufunguo wa kompyuta yako peke yako. Kisipopata mtandao kinatumia ufunguo kilichokuja nao, ambao ni mmoja kwa watu wengi, na wataalamu wakija kuupata wanawafungulia wote bure. Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimejiunga bando la wiki, kwa hiyo mtandao kiliukuta. Kuna mradi unaitwa No More Ransom, ulianzishwa mwezi wa saba 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na makampuni mawili ya usalama, Kaspersky na Intel Security ambayo ndio McAfee, wanatoa funguo bure kwa virusi vilivyokwisha vunjwa, tukaangalia huko. Kampuni ya Emsisoft nayo mwezi wa kumi 2019 ilitoa kifungulio cha bure cha matoleo 148 ya huo huo ukoo wa STOP. Ya kwetu ilikuwa toleo la baada ya wezi kubadilisha namna yao ya kufunga. Haikuwemo.

Hatukulipa. Tukaanza kuhesabu mihuri. Wanaojua vikoba wananielewa, kila mwanachama ana kitabu chake na kila hisa anayonunua inapigwa muhuri, kwa hiyo nilipita nyumba kwa nyumba, barakoa usoni, nakaa barazani nahesabu mihuri ya mama mmoja mmoja na kuandika upya. Wiki tatu. Hisa zilikaa sawa ila mikopo ndio ilisumbua, kuna marejesho ya shilingi 180,000 mwenzetu mmoja alisema alishayaleta na mi nakumbuka aliyaleta, lakini kwenye kitabu chake hayakuandikwa na mweka hazina hakumbuki. Nililipa mwenyewe. Na wala sio hela iliyoniuma, ni kukaa kwenye mkeka na wanawake nilioanza nao kikoba tangu tuko tisa, na kuona wanaangalia chini.

Sasa nirudi kwa msomaji mwenzangu. Anasema ile inayokuja na Windows yenyewe inatosha, ile Defender. Ni kweli Defender ya sahivi sio ile ya zamani ya kuchekwa, hata maabara zinazopima hizi antivairasi, AV-TEST ya Magdeburg kule Ujerumani na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, zinaipa alama nzuri. Mtu anaekaa peke yake, laptopu yake, hafungui vitu vya ajabu, anafanya apdeti, huyo mi simwambii anunue kitu, hela yake akanunue diski ya kuhifadhia bakapu, yani nakala za akiba za mafaili yake. Hapo tuko pamoja. Ila nyumba ya watu saba na fleshi zinazotoka stesheneri kila siku na kijana anaetafuta kreki, hiyo ni habari nyingine.

Kwanza, antivairasi ile ya kizamani, na nyingi za bure zilikaa hivo muda mrefu, kazi yake kubwa ni kulinganisha faili na orodha ya virusi vinavyojulikana. AV-TEST wenyewe wanasema wanasajili programu mbaya mpya zaidi ya 450,000 kila siku, orodha gani itakimbizana na hizo? Kifurushi kikubwa kinaongeza kuangalia tabia. Programu ikianza kubadilisha mafaili mia mbili kwa dakika moja hata kama haimo kwenye orodha yoyote inasimamishwa, na baadhi ya vifurushi vinaweka nakala ya faili pembeni kabla halijaguswa alafu vinalirudisha. Ulinzi wa folda pia upo, yani unasema hii folda ya kikoba asiiandike mtu ila Excel tu. Na hapa niwe mkweli, Defender nayo ina huo ulinzi wa folda tangu apdeti ya Windows 10 ya mwezi wa kumi 2017, lakini inakuja imezimwa, mpaka uingie kwenye mipangilio uuwashe mwenyewe. Nimeuliza watu kumi na moja wenye kompyuta hapa mtaani. Hakuna hata mmoja aliyejua.

Ila kwangu mimi kilichonifanya nilipe ni kitu kingine kabisa ambacho wauzaji hata hawakitaji kwenye boksi, ni paswedi ya mipangilio. Kifurushi nilichochukua kinakubali nikifunge kwa paswedi yangu, kwamba mtu akitaka kukizima, kukitoa au kuruhusu faili lililozuiwa lazima aandike paswedi ambayo ninayo mimi peke yangu. Mhariri, kreki nyingi zinaanza kwa kusema zima antivairasi, kwa sababu walioziandika wanajua ikiwa hai haziendi popote. Basi kama swichi iko wazi kwa kila anaekaa kwenye kiti, uwe umelipa laki au hujalipa kitu ni sawa tu. Ningelikuwa na ile paswedi mwaka 2020 yule kijana angekuja kuniuliza, na mi ningemwambia hapana, na angenuna jioni moja yakaisha. Kwa hiyo anaetaka kuhama kutoka antivairasi ya kawaida kwenda kifurushi kikubwa, swali la kwanza dukani liwe hilo: hii nikiiweka, mtoto anaweza kuizima?

Pamoja na hiyo, watoto tukawafungulia akaunti zao za Windows za kawaida, zisizo na mamlaka ya kuingiza programu. Hiyo ni bure, haihitaji kifurushi chochote, na bado nyumba nyingi watu wote wanaingia kwa akaunti moja yenye mamlaka yote na haina hata paswedi.

Kununua nako kuna mambo yake. Boksi la kwanza nililinunua duka moja Dar, nikafika nalo Morogoro, nakwangua ile kodi, yani namba za leseni, naingiza naambiwa imeshatumika. Kupiga simu wananizungusha, mpaka leo. La pili nilikwenda na laptopu ya mume wangu pale pale kaunta nikakwangua mbele yao, ikakubali, nikaona na tarehe ya kuisha imeandikwa kwenye skrini ndio nikatoa hela. Na tafadhali wenzangu msichukue kodi za bure za kwenye magrupu ya Telegram wala antivairasi iliyokrekiwa, hiyo ni kumwajiri mlinzi aliyeletwa na mwizi. Pia ile ya zamani itoeni kwanza kabla ya kuingiza mpya, sisi tuliweka mbili zikawa zinagombania kila faili linalofunguliwa, kompyuta ikawa inachukua dakika kumi kuwaka, nikaanza kulaumu mpya kumbe kosa letu. Baada ya kutoa ile ya zamani ikakaa sawa ingawa sio kama mwanzo, mashine yetu ina RAM ya GB 4 tu, ule ukaguzi mkubwa nimeupangia saa saba mchana siku za Jumanne wakati hakuna anaeitumia.

Makorokoro mengine yaliyomo siyatumii. VPN iliyokuja nayo, ile ya kuficha unachofanya mtandaoni, inatoa megabaiti 200 kwa siku, sijui nani zinamtosha. Ulinzi wa kamera sawa, kompyuta yenyewe haina kamera. Ila leseni ni ya vifaa vitano, kwa hiyo simu ya mume wangu, yangu na ya binti yetu zimeingia, na hiyo nimeipenda mana simu ndio zina hela siku hizi, na imeshazuia linki mbili za kurasa feki za kuomba namba ya siri. Zile meseji za ile hela tuma kwenye namba hii haizigusi. Hizo ni maneno tu, hakuna kirusi ndani, dawa yake ni kuzituma 15040 waliyotupa TCRA na kufuta.

Wa bure nao wana gharama zao ambazo msomaji mwenzangu hakuzitaja. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliibana Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa sababu kwa miaka kadhaa, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, ilikuwa inauza taarifa za kurasa ambazo watumiaji wake wanatembelea, watu walioiweka ili iwalinde. Jumpshot ilifungwa mwaka 2020. Sisemi kila ya bure iko hivo, nasema tu asituambie bure ni bure.

Kuna kero moja nataka wauzaji na watengenezaji waisikie. Hivi vifurushi vyote nilivyowahi kuona vinaongea Kiingereza. Mama mkwe wangu anaangalia mahubiri ya YouTube kwenye ile kompyuta, kikitokea kiboksi chekundu chenye vibonyezo viwili yeye anabonyeza chochote ili kiondoke arudi kwenye mahubiri, na simlaumu hata kidogo, hajaambiwa kwa lugha yake kuna nini. Nimekata kipande cha manila nimekibandika pembeni ya skrini kwa kalamu ya wino mzito. Kimeandikwa: kikitokea kiboksi chekundu bonyeza cha BLOCK, maana yake zuia. Usibonyeze ALLOW hata wakikubembeleza. Kama hujaelewa acha hivo hivo niite. Mwezi uliopita aliniita mara mbili, ya kwanza ilikuwa kumbusho la kulipia tu, ya pili ilikuwa fleshi ya mjukuu iliyotoka stesheneri na vile vishotkati vinavyoficha mafolda. Kwa makampuni yanayochukua hela zetu kila mwaka, kutafsiri sentensi thelathini za onyo sio kazi ya kuwashinda. Na gazeti lako Mhariri, ukurasa wa teknolojia tunaupenda lakini kila wiki ni simu mpya yenye kamera nne, mtuandikie na haya.

Jambo la Windows 10 pia nalo msilipite juu juu. Microsoft waliacha kuitolea apdeti za kawaida za usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na najua mashine nyingi za majumbani bado ziko huko, ya kwetu ilikuwa mojawapo. Kuna wanaodhani ukinunua kifurushi kikubwa basi umefidia. Kirusi cha WannaCry cha tarehe 12 Mei 2017 kilichosimamisha mpaka hospitali za Uingereza kilipita kwenye tundu, yani kasoro ya usalama ya Windows, ambalo Microsoft walishatoa kiraka chake, yani apdeti ya kuliziba, mwezi wa tatu mwaka huo huo, waliopigwa ni ambao hawakuweka kiraka. Antivairasi inakaa juu ya Windows, haizibi tundu la Windows yenyewe. Waliochelewa kama sisi kuna mpango wa Microsoft wa kuongezewa apdeti za usalama mwaka mmoja zaidi, jiandikisheni humo kwanza kabla hamjaenda kununua boksi.

Kijana wetu sasa yuko chuo, anaediti video za harusi na anatumia DaVinci Resolve toleo la bure, halali, halina kreki. Yeye ndie aliyenipangia bakapu ninayotumia. Nina diski ya nje ndogo, kila Jumapili kabla ya kikao naichomeka, nakopi faili la kikoba, naichomoa hapo hapo, mana ransomwea inafunga na diski yoyote iliyochomekwa. Nikienda kwenye kikao naenda nayo. Sanduku la kikoba lina makufuli matatu na funguo ziko kwa wanawake watatu tofauti na mimi katibu sina hata mmoja, kwa hiyo tukimaliza kuhesabu hela diski inaingia ndani ya sanduku pamoja na daftari, tunafunga, na kila mtu anaenda kwake.

Msomaji wako,
Katibu wa kikoba,
Kihonda, Morogoro